Vinzi vya Chumba Namba Moja

Mamlaka ya Vibali Vidogovidogo, tawi la Voi, ilitangaza kwa furaha kubwa, kwenye ubao wa matangazo na kwa kipaza sauti pale mlangoni, kwamba imeajiri maafisa wapya kumi na wanne. Maafisa hao hawataki mshahara, hawaendi chai ya saa nne, hawana mjomba makao makuu, na kila mmoja anaishi ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku. Kazi yao ni kula vinzi, yaani nzi wale wadogowadogo. Wananchi waliombwa wasiwaguse, wasiwapulizie moshi wa sigara, na wasiwaulize habari za mafaili yao.

Wananchi kwenye foleni walipiga makofi. Tangazo halikuwa limewafurahisha hivyo. Ni kwamba kila kofi liliua kinzi kimoja au viwili.

Wakesho, karani wa mafaili, alisikia tangazo akiwa dawatini kwake akajua ameponzwa na mikono yake mwenyewe. Maafisa wote kumi na wanne walitoka jikoni kwake.

Tuanze pale jambo lilipoanzia. Kazi ya Mamlaka hiyo ni kutoa vibali vya mambo ambayo bila kibali yangefanyika vizuri tu: kuhamisha kibanda cha ndizi kutoka upande huu wa barabara hadi ule, kuchimba choo cha pili, kupaka duka rangi nyingine. Mzee Khaemba, aliyestaafu kutoka mashamba ya mkonge, alikuwa akija kila Jumanne kwa miaka mitatu kutafuta kibali cha kuinua paa la jiko la mkewe ili moshi upate pa kutokea. Kila Jumanne aliambiwa faili liko kwa mkubwa, linashughulikiwa. Naye kila Jumanne alirudi nyumbani akamwambia mke wake aendelee kukohoa kidogo, serikali iko njiani.

Mkubwa mwenyewe ni Bwana Maundu, mkuu wa tawi. Alikuwa amerudi kutoka semina ya siku tatu kuhusu Mazingira Tulivu ya Kazi akiwa na cheti na wazo. Cheti alikitundika ukutani. Wazo lilikuwa vyungu arobaini vya maua. Alieleza kwamba mwananchi anayetazama jani hasikii saa zikipita, na kwa hivyo chungu kimoja ni sawa na makarani wawili.

Voi ni mji wa jua, na Bwana Maundu aliogopa maua yasije yakakauka mbele ya wageni. Akatoa Waraka Namba Tatu: kila chungu kimwagiliwe lita moja asubuhi na lita moja jioni, na anayemwagilia atie sahihi kwenye Daftari la Unyevu. Waraka haukusema mtu aangalie udongo kwanza. Ajiambo, mama wa usafi, aliangalia udongo kwanza. Aliviruka vyungu vitatu ambavyo udongo wake ulikuwa umelegea kama mchuzi, akaandikiwa barua ya onyo. Baada ya hapo hakuangalia tena. Siku ile moja mvua ilipoamua kunyesha Voi, Ajiambo alionekana barazani na mwavuli mkononi, anamwagilia.

Tope likazaa vinzi. Vidogo, vyeusi, visivyo na haraka, kama wenyeji wa ofisi. Viliingia kwenye chai, viliingia puani, na vilipenda sana kidau cha wino wa muhuri, hata vibali vichache vilivyowahi kutoka vilitoka na kinzi kimepondwa juu ya sahihi. Wananchi walidhani ni alama ya usalama.

Wakesho hakushangaa. Vinzi hivyo alikuwa amepigana navyo nyumbani, vilipotoka kwenye miche ya sukuma wiki aliyoiotesha dirishani. Ana diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, lakini hiyo haikumsaidia. Kilichomsaidia ni kuwa mama wa watoto wawili ambao hawanywi uji wenye kitu kinachoelea. Aliuacha udongo ukauke. Kisha Nthambi, rafiki yake wa chuo anayefanya kazi kwenye shamba la maua, akamtumia miche mitatu ya mmea mdogo, imefungwa na kuvumwani mbichi, ile mimea laini kama sufu inayoota penye unyevu, ndani ya kopo la chakula. Majani yake yana vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone linalong'aa kama umande. Kinzi hutua kunywa. Hakiondoki. Jani hujikunja polepole, kama mtu anayekunja barua asiyotaka wengine waisome.

Watoto waliupa jina la Mlafi. Wakesho aliuweka Mlafi mmoja kwenye dawati lake la ofisini, na kwa wiki moja dawati hilo likawa mahali pekee katika jengo zima ambapo mtu angeweza kunywa chai akiwa amefumbua macho. Wafanyakazi wakaanza kuja na vikombe. Siku ya sita alikuja Bwana Maundu na chake.

"Hiki ni nini?"

"Ni mmea, Mkuu. Unakula vinzi."

"Kwa idhini ya nani?"

Wakesho alimweleza kwa ufupi, maana yeye si mtu wa kuzunguka mbuyu. Alisema Mlafi hunasa vile vinavyoruka tu. Watoto wa vinzi wako kwenye tope la vyungu, na dawa yao ni kuacha kumwagilia kwa wiki mbili. Bwana Maundu alisikiliza kama mtu anayesikia mvua ikinyesha kwenye paa la jirani.

"Kumwagilia hakuwezi kusimama," alisema. "Daftari lina kurasa mia mbili, na tumejaza sitini tu."

Kisha akaagiza azalishiwe mimea mingine kumi na mitatu.

Mwenye kuuliza kwa nini Wakesho alikubali, hajawahi kufanya kazi kwa mkataba. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita, na huu ulikuwa mkataba wake wa kumi na moja. Kila ulipokaribia kwisha, watoto walijua kwa kutazama tu jinsi mama anavyopima unga. Makao makuu yalikuwa yameahidi kumthibitisha kazini, na kila alipouliza, Bwana Maundu alimjibu kwa upole: "Faili lako liko juu ya meza yangu, Wakesho. Linashughulikiwa." Faili halikuwa juu ya meza. Lilikuwa katika rundo lililosimama sakafuni kando ya dirisha la Chumba Namba Moja, ofisi ya Mkuu mwenyewe, la nne kutoka chini, limefungwa uzi wa kijani. Wakesho alijua kwa sababu ndiye aliyelibeba mpaka pale.

Basi akakata majani ya Mlafi, akayalaza juu ya kuvumwani mbichi, akasubiri miezi mitatu. Kila wikendi alipanda mlimani Bura kwa mama yake, akashuka na mtungi wa maji ya mvua, maana maji ya bomba ya Voi yanayoacha chokaa kwenye birika yanaua mmea huu bila huruma. Mama yake alimuuliza kama siku hizi serikali imekosa hata maji. Wakesho alimwambia hapana, maji ni mengi, tatizo ni yanakomwagwa.

Kwa hivyo maafisa wa kijani wakaajiriwa, kutoka AK/001 hadi AK/014. Walipewa nambari za kazi na shabaha: vinzi mia moja kwa wiki, na nyongeza ya asilimia kumi kila robo mwaka, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wakesho alipewa jukumu la kuwajazia fomu za tathmini. Palipoulizwa kama afisa hushirikiana na wenzake, aliandika: Ndiyo, hukaa kimya mikutanoni. Palipoulizwa udhaifu wake, aliandika: Hawezi kukataa kinachomjia mkononi. Bwana Maundu alisoma na kusema huo si udhaifu, ni sifa ya kazi.

AK/009 aliponasa vinzi thelathini na kimoja tu, aliandikiwa barua ajieleze katika siku saba. Hakujieleza. Aliadhibiwa kwa kupelekwa kwenye korido ya foleni, na huko akanasa mia mbili kwa wiki, akasifiwa kwa kujirekebisha.

AK/001, aliye mkubwa kuliko wote, alichukuliwa na Bwana Maundu kwa Chumba Namba Moja. Mlafi hutaka mwanga, na dirisha la chumba hicho liko juu. Kitu pekee chumbani kilichofika urefu huo ni rundo la mafaili. AK/001 aliondolewa kwenye mkebe wake, akahamishiwa chungu cha udongo kinachofaa cheo, akawekwa hapo juu. Wakesho alionya: maji ya mvua peke yake, kidogo, mbolea hapana, nyama hapana.

"Wakesho," Bwana Maundu alisema kwa subira, "huyu ni afisa wa daraja la kwanza. Hawezi kula chakula cha madaraja ya chini."

Akawa anampa kipande cha nyama choma kila mchana, na lita mbili za bomba kwa siku kulingana na waraka. Siku ya kumi AK/001 alikuwa mweusi kama kamba ya kiatu. Kwenye daftari aliandikwa yuko likizo ya ugonjwa. Maji yaliendelea kumiminwa, kwa sababu Waraka Namba Tatu uliagiza chungu kimwagiliwe; habari za mmea haukuzitaja. Maji yakapita kwenye udongo, yakatoka kwenye tundu la chini, yakaingia kwenye vibali vya wananchi. Ajiambo ndiye aliyemwagilia, na alisema jambo hilo mara moja. Alikumbushwa kwamba barua ya onyo ya pili ndiyo ya mwisho.

Ripoti za ushindi zikawa zinaondoka kila wiki. AK/001, akiwa likizo ya ugonjwa, aliongoza kila wiki. Jumla ya robo mwaka ilikuwa vinzi elfu arobaini na moja.

Makao makuu yalijibu kwa sentensi moja. Ikiwa mimea imekula vinzi elfu arobaini na moja, waliuliza, vinzi hivyo vinazaliwa wapi? Mkaguzi angefika Jumatatu.

Bwana Maundu aliisoma barua mara tatu, kisha akaita mkutano akasoma Waraka Namba Saba, ambao wino wake ulikuwa bado mbichi. Ulisema kwamba mtumishi yeyote ambaye katika kituo chake cha kazi patapatikana chanzo cha vinzi, atahamishwa katika saa ishirini na nne kwenda ofisi ndogo ya Miasenyi, pamoja na vyungu vyake, bila rufaa. Na kama ni wa mkataba, mkataba wake utakoma hapohapo. Ofisi ndogo ya Miasenyi ni kontena lenye kiti kimoja kando ya barabara kuu, malori yanapita, mtu anatetemeka pamoja na kiti. Katika tawi zima, wa mkataba alikuwa mmoja. Bwana Maundu alisoma sentensi ya mwisho akimtazama yeye.

Baada ya mkutano Ajiambo alimfuata Wakesho kwenye bomba.

"Mama Ben, huyu mtu anakuchimbia."

"Nimeona jembe."

"Atasema wewe ndiye ulileta mambo ya mikebe hapa. Sasa utafanya nini?"

"Nitanunua kiazi," Wakesho alisema.

Mkaguzi aliitwa Kavetsa, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na kikapu cha kiondo. Bwana Maundu alimpokea na hotuba ya kurasa nne, kisha akampeleka moja kwa moja kwenye dawati la Wakesho. Alisema kwa huzuni kwamba chanzo ni hapa. Mimea hii ya kigeni ililetwa na mtumishi huyu bila kibali, na kila mtu anajua anayefuga paka ndiye anayeita panya.

Kavetsa aliutazama mmea, kisha akamtazama Wakesho.

"Wewe unasemaje?"

"Sisemi kitu, Madam. Tupime." Wakesho akatoa kiazi na kisu kwenye droo. Alieleza kwamba mtoto wa kinzi anapenda kiazi kuliko anavyopenda mzizi. Ukilaza kipande juu ya udongo jioni, asubuhi utawakuta chini yake, na mwenye macho atahesabu mwenyewe.

Bwana Maundu alipinga vikali. Kiazi hicho hakikuwa kwenye mpango wa manunuzi. Hakikupita zabuni. Hakuna aliyejua kama ni kiazi kinachotambuliwa.

"Umekitoa wapi?" Kavetsa aliuliza.

"Bura, kwa mama."

"Kimepita," Kavetsa alisema. "Kata vipande vyembamba. Kila chungu na kila mkebe, hata cha bosi."

Bwana Maundu alisema chungu chake kiko juu sana, mtu anaweza kuanguka. Ajiambo akasema yeye hupanda pale mara mbili kwa siku na sahihi zake ziko kwenye daftari.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne. Walianza na dawati la Wakesho. Kavetsa alikiinua kipande cha kiazi kwa ncha ya kalamu, akakigeuza. Kilikuwa safi, mtu angeweza kukikaanga. Mikebe yote ilikuwa hivyo. Vyungu vya korido vilikuwa na kumi hapa, kumi na watano pale. Bwana Maundu aliandamana nao akitikisa kichwa, kama baba anayesikitikia watoto wa wengine. Chumba Namba Moja kilibaki mwisho.

Ajiambo alipanda kiti akashuka na kipande cha kiazi. Hakikuonekana. Kilichoonekana ni weupe unaosogea. Kavetsa alimwomba ashushe chungu chenyewe, na chungu kikakataa. Kilikuwa kimeganda kwenye mafaili. Alipokivuta kwa mikono miwili, faili la juu lilikuja nacho, na wingu jeusi likainuka kutoka kwenye rundo kutoka juu mpaka chini, likatanda chumbani mpaka cheti cha semina hakionekani. Karatasi zilikuwa zimeiva kama samadi. Vibali vya miaka sita vilikuwa vinazaa.

"Hivyo si vyungu," Bwana Maundu alisema akijipepea. "Hayo ni mafaili. Mafaili ni kazi."

Kavetsa alikuwa ameshafungua Waraka Namba Saba. "Hapa haijaandikwa vyungu. Imeandikwa 'katika kituo chake cha kazi patapatikana chanzo'. Na 'mtumishi yeyote'. Nani aliandika hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeandika vizuri sana. Nimetafuta mwanya, hakuna."

Alimpa mpaka kesho yake saa tatu asubuhi, akamruhusu kuondoka na chungu kimoja, kwa kuwa waraka ulisema vyungu vyake vimfuate.

Kilichobaki ni tope la mafaili, na hapo Mamlaka ingeunda kamati ya kukausha. Lakini kabla mtu hajapata karatasi ya kuandikia majina ya wajumbe, Ajiambo alikuwa amebeba beseni mbili nje. Alianika mafaili kwenye ua kama nguo za mtoto, karatasi moja moja, na zilizozidi akazibana kwenye kamba na vibanio alivyoazima kwa mama muuza mitumba jirani. Jua la Voi, ambalo halijawahi kuhudhuria semina, likaanza kazi.

Foleni ya Jumanne ilikuwa imesimama hapohapo. Kwanza watu walitazama. Kisha mtu akasoma jina. Mzee Khaemba alitembea kando ya ua taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride, akasimama mbele ya karatasi yenye doa la kahawia.

"Msichana wangu," alimwita Wakesho, "hebu njoo unisomee. Macho yangu au ni kweli?"

Wakesho alimsomea. Paa la jiko, inchi kumi na nane kwenda juu, limekubaliwa. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, wiki ya pili tangu aombe. Kilichokosekana ni muhuri tu. Mzee Khaemba akauliza kama muhuri ni kitu kizito.

Hakikuwa kizito. Kavetsa alikitoa kwenye droo ya Chumba Namba Moja, akaletewa kiti nje, akaanza kugonga. Watu walijitafutia majina yao kwenye ua, wakachomoa kibanio, wakapanga mstari mfupi, wakagongewa, wakaenda. Hakuna aliyeelezwa utaratibu, kwa hivyo hakuna aliyekosea. Kazi ya miaka sita iliisha kabla ya chai ya saa kumi jioni.

Faili la uzi wa kijani Ajiambo hakulianika pamoja na mengine. Alimletea Wakesho mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua moja ya makao makuu, ya miaka miwili na miezi minne nyuma, ikimthibitisha Wakesho kazini kwa kudumu na kumwomba Bwana Maundu amkabidhi. Kona moja ilikuwa imeliwa, lakini wadudu walikuwa na adabu, jina hawakuligusa. Wakesho aliisoma amesimama. Aliisoma tena. Alifikiria mikataba minne iliyokuja baada ya tarehe hiyo, na jinsi alivyokuwa akipima unga.

"Lia kidogo, Mama Ben," Ajiambo alimwambia. "Hakuna mtu anaangalia."

"Nitalia baadaye. Kwanza niitolee nakala, kabla haijanimeguka."

Siku hizi vyungu vya Mamlaka vinamwagiliwa udongo ukikauka, na vinzi vimekuwa haba hata Mlafi amekonda. Wakesho amemrudisha nyumbani na wenzake wachache, wengine amewagawa kwa majirani bila fomu. Daftari la Unyevu lina kurasa zaidi ya mia nyeupe, na watoto wake wanazifanyia hesabu.

Bwana Maundu yuko Miasenyi, kwenye kontena, pamoja na chungu chake. Ingawa waraka wake ulikataza rufaa, aliandika rufaa ya kurasa sita, akaituma tawi la Voi, akajiandaa kungoja kama mtu anayeijua kazi. Barua ilifika Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi. Wakesho aliifungua, akaisoma yote, akamtafutia bahasha. Saa tatu kasoro dakika kumi jibu lilikuwa limepigwa muhuri na kuondoka. Tangu Mamlaka ianzishwe, hakuna mwananchi aliyewahi kuhudumiwa haraka hivyo.

Jibu lilikuwa hapana.